Jogoo wa Kijivu

Dada yangu,

Shule niliacha darasa la sita, lakini kwa kuku hakuna daktari anayenifikia mtaa huu. Majogoo wenyewe wananiamkia shikamoo! Mama hajambo, anauliza kama unakula.

Uliniagiza nitoe jogoo mmoja, maana wawili wanawachubua majike migongo. Nimetoa. Nikambakiza mwekundu, mchapakazi, ana fujo kama wewe asubuhi. Wa kijivu nilimwona mvivu tu: wenzake wanakula, yeye kapinda shingo anatazama juu. Nikampa fundi baiskeli, akanipa majike wawili wachanga. Niliwatenga nyuma ya waya wiki mbili wazoeane na wenyeji kwanza. Nilipowafungulia, walidonoana kidogo wakatulia. Sema mwenyewe, mdogo wako si fundi?

Alhamisi mchana mwewe alishuka. Zamani wa kijivu angemwona mapema, angepiga kelele, na wote wangekimbilia chini ya mkokoteni. Kumbe ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwekundu alikuwa anafukuza majike. Mwewe amerudi kila siku, na wale vifaranga saba wa kuanzia mradi wako wa kuku ukirudi, wamebaki wawili. Nimewafungia jikoni.

Nilikimbia kwa fundi kumwomba jogoo.

"Umechelewa, bwana mdogo," akasema. "Ungekuja Jumapili ungekuta hata paja."

Mama nimemwambia vifaranga wameuawa na baridi. Wewe siwezi kukudanganya, dada. Jogoo niliyemtoa siye.

Mdogo wako