Kofia ya Muuza Dawa

Baba,

Muuaji ni muuza dawa. Nimejua. Kumbe ulikuwa unajua! Ulijua ukanyamaza, ukatuacha na kikohozi chako na "tutaendelea Jumapili ijayo," mpaka ikafika Jumapili ambayo wewe mwenyewe hukuwepo.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hupendi hadithi inayoanzia mkiani.

Siku ya kilio chako watu walijaa lupangoni, humu kiwanjani kwetu, hadi nje ya ua, na mtaa mzima wa Cité Albert ulijua kwamba fundi wa cherehani amekufa. Walikulilia kweli, Baba. Lakini sikia aibu hii: kila aliyeinama kunipa pole alininong'oneza neno lilelile. Mama Feza wa maandazi, machozi hayajamkauka, akanishika shingo: "Pole sana, Zaina. Sasa, baba hakukuambia nani njo aliua?" Hata imamu aliniuliza kwa adabu kama kile kitabu ulichokuwa ukitusomea kilifika mwisho. Nilishtuka. Nilitaka kuwafukuza wote, halafu nikaona kwamba huko ndiko kukulilia kwao, basi nikazidi kulia.

Kwa sababu nani mwingine alitupa Jumapili kama zile? Wewe uliyesomeshwa Kidachi, lugha ya Wajerumani, utotoni kule pwani, kabla ya vita vya kwanza, ukavuka ziwa ukaja Katanga na kichwa kimejaa maneno ambayo hapa hakuna wa kusema nawe. Na vitabu vya Madamu, yule Mswisi uliyekuwa ukimshonea magauni, alivyorithi kwa mumewe. Hakuvitaka, akakupa. Baada ya sala ya alasiri ulikuwa ukikaa kwenye cherehani, unafungua yale maandishi ya miiba miiba, unatumiminia kwa Kiswahili chetu. Theluji ukasema ni unga wa muhogo ulioanikwa juu ya mapaa ya mji mzima. Komiseri, yule polisi mpelelezi, ukamfanya mtu mnene aliyechoka, asiye na bunduki, anayeuliza habari za kuku na za ndoa mpaka mtu anajisahau. "Kitabu ya Mufransa inakimbiza muuaji," ulituambia. "Ya Mudachi inakaa chini na yeye, inakunywa kahawa." Ukatufundisha pia kwamba huko kwao muuaji hatoki porini. Ni jirani anayeheshimiwa. Na jambo moja ulilirudia mpaka watoto wakalijua kwa moyo: "Mwenye kuua hatoi mikono. Anangoja bamushike."

Watu wa mji ule wa theluji uliwapa tabia zetu. Mke wa mwoka mikate alifoka kama Mama Feza. Na muuza dawa ulimpa kofia ya Baba Ilunga, rafiki yako wa tangu siku uliyoshuka kwenye treni, mfanyakazi wa reli ambaye hajibu swali lolote kabla ya kuvua kofia na kupuliza ndani kama anafukuza mdudu. Ulipolifanya lile tendo mara ya kwanza tulicheka mpaka mbavu zikauma, na Baba Ilunga alicheka kuliko wote. Mlitaniana hivyo maisha yenu yote, wewe na yeye.

Halafu mvua zikaja, na Mama Ngoie, mke wa Baba Ilunga, akafa kwa tumbo, ghafla. Kaka yake, Kabamba, hakusema kitu. Alikataa tu kula chakula nyumbani kwa shemeji yake, na wewe unajua kwetu mtu akikataa chakula cha mfiwa anamaanisha nini: kwamba mfiwa ndiye aliyeua. Watu wakaanza kunong'ona. Kabamba akaacha kuja Jumapili. Na wewe, Baba, ndipo ukaanza kukohoa kila tulipofika kwenye ile hoteli ya kitabuni, ambako mama mwenye hoteli alikutwa amekufa kwa sumu. Mara macho yanauma, mara miwani imepotea nawe umeivaa. Nilidhani ni ugonjwa tu. Ugonjwa ulikuwepo, kweli, nao ndio uliokuchukua.

Watu hawakuniacha nipumue. Nikawaahidi kwamba Jumapili baada ya arobaini nitamaliza mimi. Ulinifundisha kuzitambua zile herufi, lakini maneno yenyewe siyajui, kwa hiyo nikachukua kitabu, nikapitia mlango wa jikoni kwa Madamu, nikasingizia gauni lake la kitani. Alivaa miwani akasoma amesimama. Kisha akakaa. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika vunjika: "Iko muuza dawa, Zaina. Kwanza alitia bibi yake sumu. Kisha mama ya hoteli alijua. Huyu pia akamuua."

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena.

Hapo nikakuelewa. Hukuwahi kuchungulia mwisho wa kitabu hata siku moja. "Mimi pia nataka kushangaa," ulikuwa ukisema, unatutangulia kwa sura moja tu. Basi ulimvalisha mtu kofia ya rafiki yako kabla hujajua ni mtu gani, na ulipojua, mke wa huyo rafiki alikuwa amekwisha kuzikwa na shemeji zake wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Nilikukasirikia, Baba. Nasema kweli, siku ile nzima sikutaka hata kulisikia jina lako. Uliniachia moto mkononi ukaenda zako kulala.

Maana nifanye nini? Nikisema ukweli wa kitabu, Kabamba atapata alichokuwa anakitafuta, na watu wa hapa unawajua: watasema hata vitabu vya wazungu vimeona. Baba Ilunga hatakaa tena katika mtaa huu. Nikiubadilisha, navunja sheria yako: "Ukibadilisha muuaji, umemufungulia mulango." Nilishona vibaya wiki nzima, nikafumua, nikashona tena. Mwisho nikaamua kudanganya. Nilimchagua mwenye kinu cha unga, yule anayenuna daima, ambaye hukumpa tabia ya mtu yeyote. Nikajiambia utanisamehe.

Jumapili ikafika. Walikuja wote, na wengine nisiowajua. Kabamba naye alikuja, akakaa mbali karibu na ua, mikono kifuani. Nilikaa kwenye kiti chako. Nikampeleka komiseri hotelini, nikamwagizia kahawa, nikawakusanya watu wote wa mji mbele yake. Nikasema, "Na muuaji, ndugu zangu, ni mwenye..."

Baba Ilunga akasimama.

"Hapana, mwanangu. Usidanganye bantu juu yangu. Baba yako aliniambia na kinywa yake, mbele ya kufa. Ni muuza dawa. Na bibi yake njo aliua wa kwanza."

Nikakumbuka ile siku uliyonituma ndimu, nikarudi nikawakuta mmekaa kimya, yeye ameishika kofia magotini, wewe umegeukia ukutani. Nilifikiri mnaagana. Kumbe ulikuwa unamwomba msamaha, naye aliibeba habari hiyo peke yake siku zote hizo, anakuja kunipasulia kuni, anakunywa chai yangu, hasemi neno!

Baba Ilunga alivua kofia, akapuliza ndani kama kawaida yake, akaiweka juu ya cherehani yako. Kisha akatembea mpaka kwa Kabamba, akaunganisha viganja vya mikono, akamnyooshea kama mtu anayengoja pingu. "Shika, shemeji," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Niliogopa, Baba. Nilifikiri Kabamba atampiga mbele ya watoto. Aliinuka taratibu, akaishika ile mikono miwili, na akaishusha chini.

"Shusha mikono, shemeji. Marehemu alitufundisha hapa hapa. Mwenye kuua hatoi mikono."

Kisha akaniuliza kama kuna bukari ya kula. Nilikimbia jikoni nusura nimwage mboga. Walikula sahani moja, wawili hao, samaki mkavu wa Kilwa yetu ya ziwani aliowaletea Mama Feza, na sikumwona hata mmoja wao akimtazama mwenzake. Mama Feza alianza kuapa kwamba yeye alijua ni muuza dawa tangu mwanzo. Mwongo mkubwa! Alimshuku mchunga ng'ombe wa kitabuni mpaka dakika ya mwisho.

Kosa lako lilikuwa kubwa, Baba, na neno lako mwenyewe ndilo lililolisahihisha, na wewe hukuwepo kuliona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baba Ilunga hakuichukua kofia yake. Nilimfuata nayo hadi barabarani, akanisukumia: "Acha, ni ya muuza dawa." Nimeitundika kwenye msumari wako, pale ulipokuwa ukitundika futi ya kupimia. Jumapili iliyofuata alikuja kichwa wazi, nikamwuliza swali, mkono ukapanda mpaka kichwani ukakuta hakuna kitu. Tulicheka, halafu tukakukumbuka.

Madamu amekubali kunifundisha maneno, nami namshonea bure. Ana kasha lingine la vitabu, vingine vya siku hizi, anasema humo hata komiseri mwenyewe hana hakika na wema wake. Watu wameshaanza kuuliza tunaanza lini.

Lala salama, Baba. Mungu akupe nuru na nafasi huko, na kama kuna mtu wa kusema naye Kidachi, msiongee mpaka mkasahau kusali. Jumapili zako nitazishika. Na nakuahidi jambo moja, mbele ya kofia hii inayonitazama: kila kitabu nitakisoma mpaka ukurasa wa mwisho, ndipo nimvalishe mtu kofia ya mtu.

Mimi binti yako, uliyeniita mama kwa jina la mama yako,

Zaina