Fundi wa Rishikeshi

Jumatatu, 8 Machi 1937
Nimeita majina ya wachimbaji asubuhi kama kawaida. Waliojibu hamsini na mmoja. Tisa wako ng'ambo ya mto kwenye mashimo mapya ya dhahabu, na maji yamewakatia njia tangu Jumamosi. Mmoja wao ni mdogo wangu Rajabu. Mimi karani ndiye niliyeandika jina lake kwenye orodha ya kwenda huko.
Mvua mchana kutwa.

Jumanne, 9 Machi
Tumesimama ukingoni tukiitana. Mto unanguruma, maneno yanafika nusu. Tulichosikia: unga umebaki kidogo sana, na Rajabu ana homa, hasimami. Bwana meneja anasema tungoje maji yapungue. Mtumbwi hakuna, na ungekuwepo usingevuka.
Fundi Kedari hataki kungoja. Ni Mhindi wa milimani, fundi wa winchi, mashine ya kuvutia mizigo. Mkimya, hali nyama, anaishi peke yake nyuma ya karakana. Kwao ni Rishikeshi, mji wa ibada kando ya mto mkubwa, chini ya milima ya theluji. Anasema zamani watu wa huko walivuka kwa kapu lililoning'inizwa kwenye kamba. Meneja amempa kamba ya chuma na watu sita. Mimi nimejiongeza, wa saba.

Jumatano, 10 Machi
Luhende, mwindaji, amefunga uzi wa katani kwenye mshale. Mishale mitatu imemezwa na maji. Wa nne umefika. Wa ng'ambo wamevuta uzi, uzi umevuta kamba. Kesho kamba itavuta ile ya chuma.
Kedari leo hanyamazi. Anakunjua chuma huku akinieleza mji wao kama mwenyeji aliyepokea mgeni. Ukifika, shuka kwanza ngazi za mawe mpaka majini, alfajiri, uoge. Maji yatakuuma mifupa hata wakati wa joto, maana ni theluji iliyoyeyuka. Jioni rudi palepale. Watu huweka taa ndogo za samli juu ya majani na maua, wakaziachia mtoni, na mto ukaondoka na moto. Chakula chako kishike vizuri. Kima wa kule hawana haya.
Nimemjibu "ndiyo, fundi" mara kumi. Moyoni nimemchukia. Ndugu yangu anakufa, yeye ananitembeza mjini kwao.

Alhamisi, 11 Machi
Chuma kilivuka. Kule kilifungwa kwenye mwamba, huku kwenye gogo lililozikwa. Saa tisa alasiri kapu lilikuwa tayari. Kedari akakataza mtu kupanda. Alitaka kwanza magunia mawili ya mchanga yaende na kurudi mara tatu. Maji yalikuwa yanazidi kupanda. Nikampigia magoti mbele ya watu.
"Fundi, nakuomba. Niache niende. Nikifa ni juu yangu."
Hakunitazama. Akasema, "Baba yangu alilinda daraja la kamba, juu kidogo ya mji. Mto ulifurika. Akaniambia asipite mtu. Akaja mama mmoja, mwanawe mgonjwa yuko ng'ambo. Alinipigia magoti hivyo hivyo. Nikamwonea huruma, nikampisha. Hakufika ng'ambo."
Akainama kufunga magunia.
Magunia yakaenda, yakarudi. Safari ya pili, katikati ya mto, gogo letu likang'oka. Kapu lilipinduka mara moja, halikuonekana tena. Watu walilirukia gogo likiwa hatua mbili kutoka majini, ndiyo maana chuma bado tunacho.
Ningekuwa mimi. Au mimi na Rajabu, tukirudi.

Ijumaa, 12 Machi
Sikwenda kuswali. Nimechimba. Shimo jipya la kushikia chuma, kina cha mtu na nusu, magogo mawili, mawe juu yake. Wanawake wa kambini wamesuka kapu jingine.
Ng'ambo leo hawakuita. Bora wangeita.
Kedari amesimulia tena habari za kwao. Kuna njia ya mlimani kwenda hekaluni, unapanda tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kuna mapango wanamokaa watawa miaka bila kutamka neno. Nimemuuliza wanakula nini. Ndilo swali langu la kwanza kwake tangu tuanze. Akasema watu huwapelekea. Nimeona vidole vyake vinacheza kwenye chuma. Anaogopa kuliko mimi. Anausema mto wa kwao ili asiutazame huu.

Jumamosi, 13 Machi
Magunia yamekwenda na kurudi mara tatu. Safari ya nne akapanda Kedari mwenyewe.
"Wewe vuta kamba," akaniambia. "Wewe hutaiachia."
Nimevuta mpaka viganja vimechunika. Amerudi na Rajabu, amemfunga kifuani kwa shuka. Mwepesi kama mtoto. Akafumbua macho, akasema, "Wabeja, baba." Asante, kwa Kisukuma. Baba yetu alikwisha kufa. Nimeitikia.
Saba wengine wamevuka salama kabla ya magharibi. Wa tisa, Maganga, alikata roho jana. Naye tumemvusha. Jina lake pia niliandika mimi.

Jumapili, 14 Machi
Tumemzika Maganga. Rajabu amemeza kwinini, anatoka jasho.

Jumatano, 31 Machi
Tinde, nyumbani. Nimemleta Rajabu kwa mama. Tulipanda lori moja na Kedari, anayekwenda Shinyanga kuchukua vyuma stesheni, akalala kwetu. Mama hakufurahi. "Mgeni gani huyu asiyepewa nyama?" Akampikia mlenda. Kedari akaomba aongezewe.
Asubuhi akaniuliza, "Na hapa kwenu, mgeni anaonyeshwa nini?"
Sijawahi kuulizwa hivyo. Nilitaka kusema hakuna kitu. Nikampeleka kisimani. Nikamwonyesha majabali ambapo mama huanika mtama, mahali ng'ombe wanaposhuka kunywa, kaburi la baba. Kila mahali aliuliza jina, na kila mahali alisimama muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Kaburini alivua viatu. Nami nikavua vyangu.
Tuliporudi jua lilikuwa limepanda. Rajabu alikuwa ameketi mlangoni, anakunywa uji, bakuli ameshika mwenyewe.