Jumamosi Niliyokucheka, Papa

Papa,

Ni mimi, Nsimire. Zimepita wiki saba tangu tukuzike Nyantende, na ndiyo kwanza nathubutu kukuandikia. Kuna jambo ambalo Maman analijua tayari. Sasa nakuambia wewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa naogopa kila kitu: mlango ukigongwa, pikipiki ikitoa mlipuko barabarani, wanaume wenye bunduki wakipita chini ya nyumba yetu. Siku moja ukarudi na flash imejaa filamu za kutisha, ukafunga rideau za madirisha mchana kweupe, ukaniambia, "Ikala, kaa hapa. Hii woga iko na mwisho. Saa moja na nusu, kisha tunakunywa chai." Maman alisema unaniharibu. Na wewe, mwalimu wa hesabu anayeogopwa na darasa zima, ukajificha nyuma ya mto kabla hata pepo halijatokea.

Ikawa desturi yetu kila Jumamosi baada ya chakula, umeme ukiwepo. Ulikuwa unasema na watu wa ndani ya televisheni kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, unawaonya wasifungue mlango. Filamu ilipofika pabaya ulishika kifua, ukateleza kwenye kiti, ukasema, "Nsimi, nakufa." Nilicheka mpaka machozi.

Hata asubuhi ile risasi zilipolia mjini, tukalala sakafuni kwenye korido sisi watatu, ulininong'oneza, "Tuko katikati ya filamu. Tungoje mwisho." Ulikuwa unahema kama aliyepanda kilima mbio. Nilidhani ni woga tu.

Halafu ile Jumamosi.

Mwanamke wa kwenye filamu alikuwa anashuka ngazi kwenda chumba cha chini ya nyumba. Taa yake inazimika, inawaka. Ulishika kifua. Ukasema, "Nsimi." Mara moja tu, hukumalizia. Na mimi, bila kugeuka, nikasema, "Papa, hiyo umeshacheza." Nikacheka. Nikaendelea kutazama, maana nilitaka kujua kuna nini kule chini. Alishuka ngazi zote, Papa. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nilisikia mguu wako ukigonga meza, nikadhani unazidisha mchezo. Nilipogeuka ulikuwa unaniangalia, jasho linakutiririka, na hukuwa unacheza.

Nilimpigia kelele Maman, alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Jirani, papa Bahati, alikubeba mgongoni mpaka barabarani kwa sababu gari haifiki kwetu kilimani. Nilikimbia nyuma yenu na kiatu chako kimoja mkononi. Hospitalini walisema tumechelewa. Maman alifikiri wanasema habari ya kilima. Mimi nilijua.

Sikumwambia mtu. Dada yako, tante Jacqueline, alipofika kwenye matanga aliniuliza tulikuwa tunafanya nini ulipoanguka. Nikajibu tulikuwa tunatazama filamu. Filamu gani? Ya kutisha. Siku ya tatu akamwambia Maman mbele ya wageni, "Hizi filamu zimefungua mulango. Na huyu mutoto ndiye alikuwa naye." Alitaka kunipeleka kwenye chumba cha maombi Kavumu, siku tatu bila kula, nitolewe kilichoniingia. Kuanzia hapo wageni walibadilika. Mama mmoja alisogeza kiti chake mbali na changu, polepole, kama nisingeona.

Papa, nilikubali. Nilifunga begi mwenyewe. Mtu anayemcheka baba yake akikata roho, nilijiambia, lazima kuna kitu ndani yake.

Wiki ilipoisha, mwenye pikipiki wa kunipeleka Kavumu alikuwa ameshafika. Maman akasimama mlangoni.

"Nsimire haendi."

"Unataka uzike nani tena?" tante akamuuliza.

Maman aliniangalia mimi. Hapo ndipo yote yalinitoka, mbele yao wawili: zile ngazi, na kicheko changu. Kisha nikangoja anipige.

Aliingia chumbani, akafungua kabati, akarudi na karatasi ya daktari. Ya mwaka jana. Moyo wako, Papa, na dawa za kumeza kila siku.

"Zilikwisha mwezi mzima mbele ya kufa kwake," Maman akasema. "Nilizunguka pharmacie zote, hakuna. Alinikataza kukuambia. Alisema mutoto ameogopa ya kutosha. Na mimi nikanyamaza."

Akakaa chini sakafuni, pale pale mlangoni. Kumbe wiki nzima tulikuwa tunalala kitanda kimoja, kila mtu anaamini ni yeye aliyekuua.

Tante alisoma ile karatasi mara mbili. Alitoka nje, akamwambia mwenye pikipiki aende zake. Hakuniomba msamaha. Wiki iliyopita ametutumia maharagwe, na tumeyala.

Ile filamu tuliimaliza, mimi na Maman. Alinishika mkono mpaka ukauma. Chini ya ngazi hakukuwa na kitu, chumba kitupu tu.

Nakukasirikia, Papa. Miaka mitatu uliniigizia kifo, na cha kweli ukakificha kabatini. Ningejua, ningegeuka. Daktari alimwambia Maman kwamba pengine ungekufa tu. Sawa. Lakini ungekufa nimekushika.

Sasa Maman anashikashika shingo, anasema ni uchovu. Nimekataa jibu hilo. Jumatatu asubuhi tunakwenda sote wawili kwa daktari, na nitaingia naye ndani, nisikie kwa masikio yangu. Ahadi ninayokupa ndiyo hiyo: katika nyumba hii hakuna tena atakayeficha ugonjwa wake ili mwenzake alale vizuri. Hata mimi.

Nakuacha upumzike, Papa. Hasira bado ninayo. Nikija Nyantende kupalilia kaburi lako nitakuja nayo, na nitakaa na wewe mpaka jioni.

Binti yako,
Nsimire