Jina la Dada Yako

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu imevimba. Kule ninakofulia mashuka ya hoteli nasimama kutwa. Mtoto ni wa kike, wamesema. Kwetu bibi ndiye humpa jina mjukuu wa kwanza, nami sitalivuka neno lako. Nakuomba umwite Zuhura, kama marehemu dada.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linajua mvua kuliko redio. Jina hilo hapana! Zuhura ni ile nyota inayozishinda zote kwa kung'aa. Washairi wa kale waliwasifia nayo wanawake wazuri, nami nikajiona hodari, nikampa dada yako. Lakini umewahi kuiona usiku wa manane? Haikai. Inang'aa kwa muda mfupi, inazama. Dada yako naye alizama hivyo, akiwa na miaka sita. Tafuta jina jingine, nitalibariki.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimejifungua kabla ya wakati. Yumo kwenye kisanduku cha joto, na daktari hanitazami usoni. Hao watu wa kale walidhani Zuhura ni nyota mbili, ya alfajiri na ya jioni, kumbe ni moja, huzama ikarudi. Nimekupigia kwa jirani, umekataa simu. Mama, hasira hasara. Sema neno, nimwite angali anasikia.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu wee,

Habari za goti ziache. Simu niliikataa kwa sababu ningelia mbele ya jirani, na mdomo wake hauna kufuli. Leo nimelitamka jina hilo kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, nikiwa peke yangu jikoni. Halikuniua. Mwite Zuhura. Mwambie ni bibi yake kamwita.

Mama yako

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana. Tulimzika tarehe tisa Aprili. Fundi wa kibao aliuliza aandike jina gani, nikamjibu bibi yake bado hajasema. Akaandika "Mtoto".

Asubuhi nimekwenda kaburini nikamwita ulivyoniagiza. Nimemwita mpaka mlinzi akanishika mkono, akanitoa.

Sikulaumu. Hapana, naongopa, mama: nakulaumu. Usiniandikie kwanza.

Mwanao