Dawati la Kaka

Dada yangu,

Sisi wazima, ila goti la mama linamsumbua.

Madawati mabovu ya shule ya mtaa wenu yameletwa kwetu. Watoto walipangwa juani wapige makofi. Shemeji yako, aliyewatengenezea nyinyi mapya, sasa anagongelea haya misumari bure. Kinyozi hajinyoi.

Binti yangu kapata lenye jina la mwanao, limechongwa kwa kisu. Anaringa: "Nakaa alipokaa kaka!"

Shule yenu huchukua watoto wa mtaa wenu tu. Nilipokuomba akae kwako, ulisema nyumba imejaa. Nyumba ya vyumba vitano! Hilo sijamwambia. Amenituma nikwambie: "Ahsante, mama mkubwa, kwa kunikumbuka."

Salamu nimefikisha.

Mdogo wako