Suluhu Uliyoikataa

Mwenzangu Bwana Kanti,

Juzi nilikwenda Harrow, kule pembezoni mwa London. Sikuwa na shughuli yoyote huko. Nilikwenda tu, kama mtu anavyorudi kuangalia nyumba aliyowahi kupanga. Kile chumba chetu cha mikutano, kule juu ghorofani, sasa ni mahali pa mazoezi ya viungo. Nilisimama chini ya ngazi nikamsikia mwalimu akiwaambia watu wavute pumzi, washushe mabega. Nikacheka peke yangu. Miaka yote tuliyokaa mle ndani na mafaili yetu, hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia tupumue.

Wanangu wananiambia, "Mama, kesi imekwisha, sahau." Kwao ule ulikuwa msiba wa pesa zangu za uzeeni. Siwezi kuwaeleza kwamba naikumbuka kesi ile kama wenzangu wanavyoukumbuka usichana wao.

Wewe huhitaji kusimuliwa, lakini barua hii nataka na wengine waisome, kwa hiyo nivumilie nianze mwanzo. Wakati wa ule ugonjwa ulioifunga dunia, sote wawili tulinunua hisa za kampuni moja ndogo iliyokuwa ikitengeneza chanjo. Tulikuwa hatujuani. Mimi nilikuwa nesi mstaafu niliyeitwa kurudi wodini, na niliyoyaona huko yalinifanya nitake kusimama upande wa dawa kwa kila nilichonacho. Wewe ulinunua baada ya kuondokewa na mkeo, Hansa. Kampuni ikatutangazia kwamba kiwanda kiko tayari na kibali kiko njiani. Kisha asubuhi moja tukaamka tukakuta hisa zimeporomoka. Kumbe kule kiwandani chanjo ilikuwa ikiharibika kabla haijatiwa kwenye chupa, na wakubwa walilijua hilo muda wote waliokuwa wakituandikia habari njema. Chanjo za wengine zilifika, tukachanjwa, tukashukuru. Ya kwetu haikutoka mlangoni. Wenye hisa tukaungana tukashitaki, na ndivyo watu wawili wa Tanga walivyokuja kukutana Harrow.

Mkutano wa kwanza nilikaa nyuma. Wakili, yule binti mwenye miwani, alizungumza mpaka madirisha yakaingia ukungu. Mbele yangu alikaa mzee wa Kihindi mwenye koti la kijivu, mwavuli kati ya magoti, na nikamsikia akinong'ona kwa Kiswahili, kama anayeisemea roho yake, "Maneno mengi, chai hakuna."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Ukageuka.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa sana."

"Wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Tanga ya wapi?"

"Ngamiani."

Ukanitazama kama nimekwambia nimetoka chumbani kwa mama yako. "Mimi baba yangu alikuwa na duka la baiskeli karibu na soko," ukasema, na wakili akanyamaza kutusubiri, na watu wote wakageuka, na sisi tuko Tanga.

Baba yangu alikuwa na baiskeli nyeusi aliyokuwa akiipangusa kila Ijumaa. Tangu siku ile ulishikilia kwamba ilitoka dukani kwenu. Mimi sikuwa na hakika, nawe hukuwa na hakika, lakini ulinisimulia jinsi ulivyokuwa ukikaa sakafuni kuziba pancha ukiwa mdogo, na nikaamua kwamba ndiyo, ilitoka kwenu.

Baada ya kila mkutano tulikwenda kwenye ule mgahawa wa karibu na stesheni. Kwenye menyu wameandika "mogo", nawe kila mara ulimwita kijana wa mezani ukamwambia, "Hiki kitu kinaitwa muhogo. Mu-ho-go." Alikuwa amezaliwa hapa hapa London, masikini, akitabasamu tu na kusema sawa, Anko. Muhogo ukija ulikamulia ndimu upande wangu kwanza, halafu pilipili, halafu ndiyo wako. Hapo tulizungumza kila kitu isipokuwa kesi. Uliniambia Hansa alikuwa akiimba akikaanga, na akiacha kuimba unajua chakula kimeungua. Mimi nikakusimulia baba watoto, Mungu amrehemu, aliyekuwa hawezi kupita duka la redio bila kuingia kuuliza bei.

Mara moja tu uliniuliza juu ya wodi. Ulikuwa unazungusha kikombe mezani.

"Bi Rehema, Hansa alipokuwa mle ndani hawakuniruhusu kuingia. Nesi mmoja alimshikia simu sikioni nikazungumza. Nilizungumza mpaka simu ikaniishia moto. Wewe ulifanya hivyo pia? Kuwashikia simu?"

"Nimewashikia wengi."

"Je, wanasikia?"

"Wanasikia, Bwana Kanti. Niliwaona. Mtu amelala hajitikisi, lakini akiitwa kwa jina la nyumbani, uso unalegea."

Ulitoa leso ukafuta miwani, si macho. Kisha ukasema muhogo umepoa, tuagize mwingine.

Naikumbuka na siku uliyokuja kwangu Tottenham. Ulitokea mlango usio wako kule stesheni ukatembea kinyume mpaka nikakufuata na kukukuta ukijadiliana bei ya ndizi mbichi na mama mmoja wa Kikongo, kila mmoja na Kiswahili chake, mnaelewana nusu na mnacheka nzima. Tukanunua mchicha na nazi. Ulibeba mifuko yote miwili ukakataa nikusaidie. Jikoni kwangu ukaona sufuria mpya, karatasi ya bei bado imeng'ang'ania ubavuni.

"Hii umenunua lini?"

"Jana. Zangu zote zimeshapikiwa nyama, nawe huigusi."

Ulinawa mikono, ukakaa, ukala mchicha na ugali kwa vidole kama mtoto wa Ngamiani, ukamaliza, ukasogeza sahani nikuongeze. Sufuria ile haijawahi kupikiwa nyama hadi leo.

Kazi tuliyopewa katika kesi ilikuwa kuwapigia simu wenye hisa wenzetu waliotoka Kenya na Tanzania, walezi wa wazee na madereva wa mabasi, tuwaeleze kwa Kiswahili barua za mawakili zinasema nini. Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza, na ugomvi wetu ulikuwa juu ya neno moja.

"Waambie walidanganya," ulisema.

"Wakili hajasema walidanganya. Amesema walijua na hawakutuambia."

"Tofauti yake nini?"

"Mahakamani ipo."

"Na mezani kwako? Mumeo akijua nyumba inaungua na akakwambia lala, amekudanganya au hajakudanganya?"

Niliwapigia watu nikawaambia "walituficha", na wewe ukawapigia wa kwako ukawaambia "walitudanganya", na wakili hakujua.

Kisha kampuni ikaleta pendekezo la suluhu. Watalipa fidia, kesi itafutwa, na kwenye karatasi itaandikwa kwamba hawakukiri kosa lolote. Wakili alitueleza kwa upole kwamba tukikataa tutakwenda mahakamani, na mahakamani kunaweza kuchukua miaka mingine. Akaomba tupige kura ya kunyoosha mikono.

Ulisimama ukasema, kwa Kiingereza chako kile cha taratibu, "Mimi sikuja kutafuta fidia. Nataka mmoja wao asimame mbele ya watu aseme: tulijua. Akishasema, fidia achukue mwenyewe akanunulie viatu." Watu wakakupigia makofi. Na baada ya makofi wakanyoosha mikono kukubali suluhu, karibu wote, maana walikuwa wamechoka. Na mimi nikanyoosha wa kwangu.

Ulinitazama. Mkono wangu ulikuwa juu na sikuushusha.

Jukwaani kule stesheni ulisimama mbali nami hatua kadhaa, kama tusiojuana.

"Umeniuza, Bi Rehema. Tena kwa bei ya jumla."

"Nimeona vidonge unavyomeza chini ya meza ukidhani siangalii," nikakwambia. "Mimi ni nesi. Najua ni vya moyo. Unadhani moyo huo utaingoja mahakama?"

"Moyo wangu si shauri la kura."

"Kwangu mimi ni shauri. Nataka uwe hai, Kanti."

Ilikuwa mara ya kwanza kukuita bila "Bwana". Sote tulilisikia. Treni yako ikaingia, ukapanda, ukakaa upande wa pili ambako sikuweza kukuona uso.

Sikujutia mkono ule, na leo pia siujutii. Lakini wiki zilizofuata nilijifunza jinsi Jumamosi ilivyo ndefu kwa mtu asiye na mkutano. Niliposikia kwa wengine kwamba umeiuza nyumba yako ya Queensbury ukahamia mji mwingine, Leicester, kwa binti yako Bhavna, nilitoka nikaenda dukani kununua mkate nikarudi na sabuni.

Siku suluhu ilipotangazwa rasmi, simu yangu ikalia.

"Umeisoma?" Hukusalimu.

"Nimeisoma."

"'Bila kukiri kosa lolote.' Wameiandika vizuri. Ina heshima zote."

Nikangoja uendelee kunilaumu. Badala yake ukauliza, "Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha."

"Huku pia."

Tukazungumza juu ya mvua mpaka Bhavna akakuita kula. Tangu hapo ukawa unanipigia kila Jumapili. Hatukuombana radhi, wewe ulibaki na yako na mimi na yangu. Ulinifundisha kutia bizari ya manjano kwenye dengu, nikakusomea magazeti ya nyumbani. Siku moja ukaniuliza kama nimeuza hisa zangu zile zilizobaki, ambazo sasa hazifai hata kununulia mwavuli. Nikakwambia bado. "Usiuze," ukasema. "Ukiuza, huna tena mlango wa kuingilia mikutanoni kwao." Tukakubaliana nije Leicester baridi ikipungua.

Nilikuja, lakini ulikuwa umeshaondoka. Bhavna aliniletea shali nyeupe ya msiba, akanikalisha pamoja na wanawake wa ukoo, na walipouliza huyu ni nani akawajibu, "Ni Anti wa kesi." Wakatikisa vichwa kwa heshima, kama hilo ni jina la udugu linalojulikana. Nilikaa pale na Bhavna akiniegemea. Hajui Kiswahili, lakini aliniambia siku zako za mwisho ulikuwa ukimpigia kelele muuguzi maneno aliyoyakariri bila kuyaelewa, "Maneno mengi, chai hakuna," na hakuna aliyekuelewa. Nikamfasiria. Tulicheka, Kanti, mbele ya watu wote waliovaa nyeupe.

Sasa nikufikishie habari niliyokuandikia barua hii.

Mwezi uliopita kampuni ilifanya mkutano wa mwaka wa wenye hisa, katika hoteli moja ya mjini yenye zulia la kuzamisha miguu. Nilivaa lile gauni la buluu ulilosema linanifanya nionekane mkuu wa shule. Ulipofika wakati wa maswali nikanyoosha mkono, nikaletewa kipaza sauti. Nikawaambia mimi ni nesi mstaafu, na nina swali la mwenzangu ambaye amefariki bila kujibiwa: mlipokuwa mnatuandikia kwamba kiwanda kiko tayari, mlikuwa mnajua?

Mwenyekiti alinishukuru. Akasoma karatasi: suala hilo limekwisha kwa suluhu, kampuni haikukiri kosa lolote, swali linalofuata tafadhali. Nikakaa. Nilihisi nimekupeleka mlangoni na mlango ukafungwa tena.

Mkutano ulipokwisha nilikwenda kwenye meza ya chai. Mzee mmoja wa bodi, mwembamba, mikono ina madoa ya uzee kama yangu, akaja akasimama kando yangu. Alitazama nyuma kwanza.

"Nilikuwepo wakati ule," akasema kwa sauti ya chini. "Tulijua. Tulijiambia kiwanda kitatengemaa wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika tunasema ijayo. Tulipaswa kuwaambia. Ninyi mlituamini."

Basi, Kanti, limesemwa. Halikusemwa mbele ya hakimu wala halikuandikwa popote. Amelisema mtu mmoja, kando ya birika. Najua ungesema halitoshi, na ningekujibu kwamba kwangu limetosha, na tungebishana mpaka treni ya mwisho ya mmoja wetu ije. Lakini nilitaka ulipate kwa mkono wangu, kama nilivyolipokea.

Na kabla sijakuaga, kuna jambo moja dogo. Pale kwenye kipaza sauti nilitafuta Kiingereza cha "mwenzangu" nikakikosa. Nikalichukua lile neno ambalo watu wa hapa hulitumia kwa mshirika wa biashara, na pia kwa mtu mnayekaa naye nyumba moja mpaka mzeeke. Yule mzee alielewa maana ya pili. Alipomaliza kusema yake alinishika mkono kwa mikono yote miwili akaniambia, "Na pole sana kwa kufiwa na mumeo."

Nilifungua mdomo nimsahihishe.

Nikasema, "Asante. Alikuwa mtu mbishi sana."

Pumzika, bwana wangu. Kumenyesha huku tangu asubuhi.

Mwenzako,
Rehema