Jenerali Wangu na Mahamri ya Japheth

Jumatatu, 12 Mei

Sijawahi kumwambia mtu: nina jenerali. Amekufa karne nne sasa, aliishi Bara Hindi, na kila ninapotaka kufanya jambo humwuliza yeye kwanza.

Malik Ambar. Mtoto wa Uhabeshi. Akauzwa, akauzwa tena, mpaka akafika kwa waziri wa usultani wa Ahmednagar. Bwana wake alipokufa akawa huru. Akakusanya wapanda farasi, akawa jenerali. Kisha akamtafuta kijana wa ukoo wa kifalme, akamkalisha kitini — na akatawala yeye, amesimama kando.

Amesimama kando. Hapo ndipo nilipompenda.

Leo mwalimu mkuu ametangaza: chumba kipya kitakuwa maktaba au jimu ya mazoezi, na atakayeamua ni rais mpya wa wanafunzi. Uchaguzi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Vitabu vyetu viko stoo ndani ya maboksi, mchwa wanavisoma kabla yetu. Mgombea ni mmoja tu, Japheth wa Kidato cha Nne. Anataka jimu.

Mimi siwezi kugombea. Nikitaja jina langu darasani, mwalimu huuliza, "Nani?"

Alhamisi, 15 Mei

Nimepata sultani. Garama, binamu yangu. Akicheka shuleni, husikika hadi barabara ya Lungalunga. Nikamwambia agombee, hotuba nitamwandikia.

"Nitavaa tai?"

"Utavaa ya baba."

"Basi sawa, Jumwa."

Maktaba hakuiulizia kabisa.

Jumatatu, 19 Mei

Japheth ameanza kugawa mahamri na mbaazi langoni, kibandani kwa Mama Tsofa. "Kuleni, wasee. Mnikumbuke Friday."

Jenerali hakupenda kukabiliana na jeshi la Wamogul, adui zake, uwanjani. Aliivizia misafara yao ya chakula. Kwa hiyo nimewatuma wenzangu wa Kidato cha Pili: wahini langoni, mle, mshibe, kisha Ijumaa mpigieni Garama. Kura ni siri.

Kidato cha Nne walipofika, Mama Tsofa alikuwa anakwangua sufuria. Japheth aliichungulia kama mtu aliyefiwa. Nilicheka ndani ya kola.

Jumatano, 21 Mei

Japheth ameongeza mahamri. Mimi nimeongeza walaji. Nimemkuta Garama naye anajilamba vidole. Nikamwambia sultani hali foleni na watoto. Akasema sultani ana njaa.

Bibi ameniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamweleza.

"Wale chake, kisha wamgeuke?"

"Kura ni siri, bibi."

"Haya. Maadamu yeye hawaoni."

Ijumaa, 23 Mei

Naandika darasani. Mvua.

Asubuhi tulipangwa kiwanjani. Mwalimu Nthiwa, msimamizi wa uchaguzi, akasema mwaka jana kura zilizidi wanafunzi, kwa hiyo mwaka huu hakuna sanduku. Ni mlolongo. Kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake, waziwazi.

Kidato cha Pili wakanitazama. Kheri, yule mdogo kuliko wote, ndiye aliyetoka kwanza. Akapita mbele yangu akiangalia viatu.

"Nisamehe, Jumwa. Nimekula kwake wiki nzima. Nitampitaje na ananiona?"

Wakamfuata wote. Japheth akawa anawapokea kwa mikono miwili kama wageni wa harusi. Nyuma ya Garama hakukuwa na mtu ila mimi. Kisha Garama akalegeza tai.

"Jumwa, na mimi nilikula."

Akaenda. Sultani wangu, na tai ya baba yangu, kwenye mstari wa adui. Kiwanja kizima kikacheka.

Mwalimu Nthiwa akauliza: kuna mgombea mwingine, au tufunge? Nikamtafuta jenerali kichwani. Hakuwapo. Nadhani yeye hakuwahi kunyang'anywa sultani kwa mbaazi.

Mimi sikuonja hata hamri moja. Muda wote nilikuwa kando, nikielekeza wenzangu.

Nikapiga hatua, nikasimama pale alipokuwa Garama.

"Jina?" akauliza Mwalimu.

Nikalitaja.

"Nani?"

Nikalitaja tena, safari hii kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Akasema mgombea mpya ana haki ya kuhutubia. Nikafungua mdomo — na mvua ikashuka. Tukakimbia.

Tutarudi ikikatika. Garama amenirudishia hotuba. Alikuwa ameitumia kufungia hamri mfukoni. Nusu ya maneno yamekuwa mafuta. Kheri amekaa mbele yangu, amegeuka mara kadhaa.

Sasa hivi Japheth amepitisha mkono dirishani. Ana hamri moja, bado ina moto.

"Jumwa, hii ni yako. Si ukule tu, usimame na njaa kwa nini?"

Inanukia iliki. Sijala tangu jana jioni. Kheri ananitazama. Garama naye.

Nimesema ahsante, nimeshiba. Mvua imekatika. Kengele inalia. Nimekunja soksi zisishike tope, na hotuba nimeiacha mezani.